Lori ya rimoti inavuta upande? Venye unaweza kunyoosha usukani na tairi zake mwenyewe, mwanzo hadi mwisho

Kama lori yako ya rimoti ukiiachilia inajipeleka kwa mtaro, ama tairi za mbele zinatetemeka ikiwa imesimama, ama inakata kona fiti ukienda kushoto lakini kulia inataka uwanja mzima kama trela, tafadhali usikimbilie ile knobu ya trimu kwenye rimoti, ile ya kusogeza katikati ya usukani. Najua iko karibu na kidole, na najua kwa dakika moja utaona ni kama imesaidia. Lakini trimu haitibu kitu, inaficha tu, kesho utaongeza kidogo, kesho kutwa utaongeza tena, halafu inafika mwisho na lori bado inavuta, na sasa hata sevo, kile kimota kinachogeuza tairi, haijui katikati ni wapi.

Angalia fundi wa wili alaimenti akipokea gari kubwa. Mwenye anajua kazi hapandishi gari kwa mashine moja kwa moja, kwanza anashika tairi anaitingisha, anasikiliza kama tairodi, ile fimbo inayosukuma tairi igeuke, imeisha, kama beringi inalia, kwa sababu gari yenye vitu vimelegea ukiipima saa hii unapata namba moja, ukiisukuma mita tano unapata ingine. Lori ndogo ni vivyo hivyo. Kwa hivyo hii kazi ina mpangilio: uchafu kwanza, halafu ulegevu, halafu sevo, halafu ndio vipimo vya tairi, na trimu iwe kitu ya mwisho kabisa. Ukiruka mpangilio utarudia kazi mara tatu, nimeona hiyo mara nyingi sana kwa hii meza yangu.

Niko Nakuru. Tangu Safari Rally irudi kwenye WRC, yale mashindano ya dunia ya rali, mwaka wa 2021 na kuanza kupigwa pale Naivasha, vijana wa mtaa wameshika hii mambo kwa nguvu, kila mtu anataka lori ya kuruka matuta, na nyingi zinaishia kwangu zikiwa zimepinda mbele. Vumbi letu huku ni la mchanga wa volkano, laini kama unga, linaingia mahali hata maji hayaingii. Binamu yangu Kisumu ana shida ingine, ule udongo mweusi wa upande wa Kano unashika ndani ya rimu upande mmoja, ukikauka tairi inakuwa nzito upande huo na lori inatikisika ikiongeza spidi, na hapo ukifikiri ni usukani utahangaika bure.

Kwanza jua ni lori gani uko nayo

Geuza lori uangalie waya zinazotoka kwa kile kimota kinachogeuza tairi. Kama ni waya mbili peke yake, mara nyingi hiyo ni ya watoto, haina sevo ya ukweli, inajua kushoto, katikati na kulia basi. Hizo huwa na kiwiko kidogo cha plastiki chini ya tumbo karibu na tairi za mbele, ndio cha kunyoosha, unakisogeza kidogo kidogo ukijaribu, na zaidi ya hapo ni kusafisha na kuangalia kama springi ya kurudisha tairi katikati imetoka mahali pake.

Kama ni waya tano, hiyo ni sevo yenye ubongo wake uko kwa bodi ya risiva, kile kinachopokea mawimbi ya rimoti, ndani ya sevo kuna mota, gia na kile kipimo cha kujua mkono uko wapi. Usiinunulie sevo ya waya tatu ukitarajia itaingia, hazibadilishani, lazima upate ya waya tano ama ubadilishe risiva na rimoti pia.

Waya tatu ndiyo ya kawaida kwa malori ya maana: nyekundu ni moto, nyeusi ama kahawia ni hasi, na nyeupe, njano ama rangi ya chungwa ndiyo inabeba maagizo. Mengi ya hapa chini ni ya hii, ingawa kazi ya tairi na tairodi ni moja kwa zote.

Fanya tesiti kabla ya kufungua skrubu hata moja

Tafuta sakafu ya simiti iliyo sawa, sio murram, sio nyasi. Chora mstari wa chaki kama mita kumi. Weka trimu kwenye sifuri, betri iwe imejaa, weka lori juu ya mstari ikitazama mbele na uendeshe pole pole bila kugusa usukani. Fanya mara tatu, halafu geuza uje kutoka upande ule mwingine, kwa sababu sakafu nyingi zina mteremko kidogo wa kupeleka maji na unaweza kulaumu lori bure.

Sasa hapa ndio uwe makini, kwa sababu namna inavyovuta ndiyo inakwambia ugonjwa. Ikivuta upande mmoja kila mara, iwe umetoka kukata kona gani, basi shida ni vipimo: tairodi hazilingani, kuna kitu kimepinda, ama kuna tairi moja inakwama. Lakini ikiwa ukitoka kona ya kushoto inabaki inavuta kushoto kidogo, na ukitoka kulia inabaki kulia, hapo usiguse tairodi kabisa, hiyo ni ulegevu ama kitu kinakaza mahali, ama sevo imekosa nguvu ya kurudi. Ikiwa inarudi mahali tofauti tofauti bila mpango, shuku ndani ya sevo yenyewe. Ikitetemeka, shuku umeme. Ikikata vizuri upande mmoja na vibaya upande mwingine, mkono wa sevo haujakaa katikati ama rimoti imewekewa mwisho usiolingana.

Hiyo aya isome mara mbili. Kijana wa dada yangu aliniletea lori ya 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari la ukweli, akaniambia, "Anko, nimezungusha tairodi hadi zimeisha nyuzi na bado inavuta." Nikamuuliza inavuta wapi. Akasema inategemea. Hiyo "inategemea" ilinitosha kujua tairodi hazikuwa na makosa.

Uchafu

Toa bodi, yaani ganda la juu, toa betri, toa tairi zote nne. Tumia brashi ya meno iliyokauka na ya rangi, pitisha kwenye kila kiungo. Usipige maji ya presha, maji yanasukuma vumbi ndani ya beringi na hapo inageuka msasa. Kama kuna matope yaliyokauka tumia kitambaa chenye unyevu kidogo. Angalia sana kati ya mikono ya usukani na chasisi, jiwe dogo kama punje ya ndengu likikaa hapo tairi haziendi mwisho upande mmoja, na hiyo peke yake imenikomboa kazi ya saa nzima zaidi ya mara moja.

Halafu beringi. Rudisha tairi, nati isikazwe mpaka ikwame, inua mbele na uzungushe kila tairi kwa kidole. Kwa lori ya kuendeshwa na tairi za nyuma, zile za mbele zinafaa kuzunguka huru na kusimama pole pole. Tairi moja ikisimama ghafla ama ikitoa sauti ya mchanga, lori itavuta upande huo kila siku na hakuna tairodi itakayoponya. Malori mengi ya 1/10 yanatumia beringi za 5×11×4 mm huko mbele lakini pima yako kabla ya kununua: shimo la ndani, upana wa nje, na unene. Za bei ya chini zina bushi za plastiki badala ya beringi, hizo zisafishe upake tone la grisi, sio kijiko.

Ulegevu, na hapa ndio kazi iko

Washa rimoti kwanza, halafu lori, ili sevo ishike mkono mahali pamoja. Shika tairi moja ya mbele kwa pande, mbele na nyuma, uisukume kushoto kulia pole pole kwa vidole viwili. Usiangalie tairi. Angalia mkono wa sevo. Tairi inatembea kiasi gani kabla mkono uanze kusukumwa? Kidogo sana ni sawa, kwa mfano milimita moja pembezoni mwa tairi. Ikizidi milimita tatu nne, kuna kitu kimekula.

Fuata sasa kutoka tairi kwenda ndani, kiungo kimoja kimoja, ukiweka ncha ya kidole juu ya kila kiungo huku mkono mwingine unatingisha. Kidole husikia kabla ya jicho. Vile vikombe vya plastiki vinavyoshika mpira wa chuma, kama kinachezacheza, kibane kidogo na plaisi kutoka pembeni huku mpira uko ndani, kidogo tu, kisha jaribu kama bado kinazunguka. Kikikaza sana umetoka ulegevu umeingia kwa kukwama, ambayo ni mbaya zaidi. Kikishatoka kwa mpira na kidole peke yake, hicho kimeisha, nunua kingine. Zile skrubu mbili zinazoshika habu ya mbele juu na chini, ambazo tairi inageukia, zikaze mpaka habu ianze kuwa nzito, halafu rudisha robo ya mzunguko. Angalia na skrubu za sevo yenyewe, kama sevo inainuka ukigeuza, hapo tu umepoteza nusu ya usukani.

Ile lori ya kijana tulifuata hivyo hivyo. Vikombe vizuri, habu nzuri, sevo imeshika. Tukafika kwa mkono wa kati, ule unaopokea kutoka kwa sevo na kugawia tairodi mbili. Nikaufungua na kuuleta dirishani. Shimo lake halikuwa duara tena, lilikuwa limekuwa kama yai, na kwa ndani kulikuwa na pete inang'aa upande mmoja tu, ile plastiki ilikuwa imesuguliwa na vumbi mpaka ikang'aa kama kioo. Ndio hapo ule ulegevu wote wa milimita nne ulikuwa umelala. Dawa ya ukweli ni mkono mpya. Lakini mkono mpya ungetoka mbali, kwa hivyo tulikata ukanda wa bati kutoka mkebe wa soda, upana sawa na urefu wa bushi, tukauzungusha mara moja kwenye bushi, tukalainisha ncha zake na msasa, tukarudisha. Ikaingia kwa kusukumwa lakini inazunguka. Bati hilo ni jembamba kama sehemu ya kumi ya milimita, ndio maana linafaa, linajaza nafasi bila kukaza. Lori ilianza kurudi katikati siku hiyo hiyo na tairodi bado hatujazigusa.

Usisahau sevo seva, ile springi inayokinga gia za sevo tairi ikigonga jiwe. Weka lori chini, geuza usukani ukiwa umeshika tairi kwa mkono. Seva inafaa kukataa kwanza, kisha ikubali ukishika kwa nguvu. Ikikubali hata kwa msuguano wa sakafu peke yake, ina maana tairi hazifiki mwisho na hazirudi. Kama ina nati ya kukaza, ongeza robo mzunguko na ujaribu tena. Kuna watu wanaifunga kabisa kwa gundi ndio usukani uwe mkali, mimi sikubaliani na hiyo hata kidogo kama gia zako ni za plastiki, kwa sababu ukigonga kitu kimoja tu meno yanatoka.

Na kitu kingine: toa pini ndefu za mikono ya chini inayobeba tairi uziviringishe juu ya kioo cha dirisha. Pini iliyonyooka inaviringika kimya. Iliyopinda inaruka na utaona mwanga ukipita chini yake. Usinyooshe na nyundo, badilisha.

Sevo

Chomoa kile kiungo kinachoshika mkono wa sevo ili isukume hewa peke yake. Geuza tairi kwa mkono, kushoto hadi kulia. Inafaa kwenda laini njia yote. Ikikaza mahali, bado kuna kitu kinasugua, rudi nyuma.

Sasa toa skrubu ya mkono wa sevo uvute mkono nje. Washa rimoti, trimu sifuri, washa lori, acha sevo ijitafutie katikati yake. Ikiwa bado imewashwa, rudisha mkono kwenye meno ukiwa umekaa wima kabisa na ile fimbo inayousukuma, yaani pembe ya digrii 90. Kama jino haliruhusu 90 kamili, chagua la karibu zaidi na ile tofauti ndogo iliyobaki ndiyo utamaliza na sab-trimu, ile seti ya ndani ya rimoti ya kusahihisha katikati ya sevo, kama rimoti yako iko nayo. Hatua hii watu wengi wanairuka na ndiyo inaleta ile kona nzuri upande mmoja na mbaya mwingine.

Ukibadilisha sevo, hesabu meno ya ile shina. Kulingana na kampuni, Futaba na Savox ni 25, Hitec nyingi ni 24, Sanwa na KO ni 23. Kwa macho zinafanana kabisa. Mimi niliuziwa moja nikaambiwa mkono wangu utaingia, uliingia kwa kulazimishwa na skrubu, ukashika siku mbili, siku ya tatu ukaanza kuteleza katikati ya mbio na lori ikaenda chini ya gari iliyopaki. Kwa hivyo hesabu mwenyewe, usikubali neno la muuzaji. Nguvu inaandikwa kwa kilo: sevo ya kilo 15 inamaanisha inaweza kuinua kilo 15 kwa mkono wa sentimita moja, mkono ukirefuka mara mbili nguvu inakuwa nusu.

Ikitetemeka ukiwa umepiga moto na kona kwa wakati mmoja, mara nyingi umeme hautoshi. Sevo nyingi za kawaida zinataka volti 4.8 hadi 6, zinazopata kutoka kwa kile kidhibiti cha mota, na sevo kubwa ikivuta sana volti zinaanguka na risiva inapoteza fahamu kidogo. Angalia betri kwanza, LiPo ya seli mbili ikijaa ni volti 8.4, halafu angalia plagi kama zimeingia vumbi. Ikitetemeka imesimama tu bila kuguswa, na betri ni nzima, kile kipimo ndani ya sevo kimechakaa. Na ukisikia krrr ukigeuza, ni jino la gia limetoka.

Kabla ya kutoka hapa weka mwisho wa kushoto na kulia kwenye rimoti. Rudisha kiungo, geuza hadi mwisho, sikiliza. Sevo ikiendelea kuunguruma tairi zikiwa zimeshafika, inasukuma ukuta, itapata joto na itaungua. Punguza mpaka inyamaze, kila upande kivyake.

Vipimo vya tairi

Weka betri ndani, bodi juu, lori kwa meza iliyo sawa. Ibonyeze chini mara mbili tatu iinuke yenyewe, isukume mbele kama futi moja. Kipimo ulichochukua lori ikiwa imeinuliwa hakina maana.

Pima tairodi mbili za mbele kutoka katikati ya mpira hadi katikati ya mpira na uzifanye zilingane kabisa. Zile zenye nyuzi pande mbili, upande mmoja unafunga kinyume, kwa hivyo ukizungusha katikati inarefuka ama kufupika bila kuitoa. Kama ni nyuzi za milimita 3, mzunguko mmoja mzima ni milimita moja ya urefu, nusu milimita kila upande. Zifunge zote zikielekea upande mmoja ili mkono wako uzoee. Zile za nyuzi za kawaida pande zote, itabidi uchomoe kikombe kimoja ukizungushe nusu nusu.

Sasa pima umbali kati ya tairi mbili za mbele, mbele yake na nyuma yake, kwa urefu wa katikati ya gurudumu. Kama mbele ni pana kuliko nyuma, tairi zinatazama nje. Kwa tairi ya kipenyo cha milimita 100, digrii moja kwa kila tairi inaleta tofauti ya milimita 3.5. Mimi huanza na sifuri. Ukitaka ichomoke haraka kwenye kona weka nje kidogo, isizidi digrii moja, ukitaka itulie ukikimbiza mstari mrefu weka ndani kidogo. Kama tairodi ziko nyuma ya ekseli, kuzirefusha kunafanya tairi zitazame ndani, zikiwa mbele ya ekseli ni kinyume chake, hapo watu huchanganyikiwa sana kwa hivyo angalia zako kabla hujazungusha. Nyuma usiache tairi zitazame nje kamwe, lori itazunguka kama pia. Digrii mbili hadi tatu za ndani ndiyo kawaida na mara nyingi imeshafinyangwa kwenye habu, kwa hivyo ukipata nyuma imebadilika kuna kitu kimepinda.

Kemba, yaani tairi kulala ndani juu, pima na sikweya ya seremala ikiwa imesimama kwenye meza. Igusishe rimu badala ya mpira, mpira unafura. Rimu ya inchi 2.2 ni kama milimita 56, kwa hivyo nafasi ya milimita moja juu ni karibu digrii moja. Weka moja hadi mbili, kushoto na kulia sawa. Baada ya siku chache za kuendesha angalia tairi zenyewe: zikila ndani peke yake, punguza.

Rudi kwa ule mstari wa chaki. Mara tatu kwenda, mara tatu kurudi. Kama bado inavuta kidogo upande mmoja, sasa ndio ushike trimu, na kwa kawaida utahitaji pointi mbili tatu tu, ukihitaji kumi kuna hatua uliruka. Andika urefu wa tairodi na kemba kwa kipande cha selotepu ubandike chini ya chasisi, halafu ukishaendesha betri mbili za kwanza kaza tena zile skrubu za habu na za sevo, kwa sababu hizo ndizo hulegea kwanza.